Kilo Nne na Gramu Mia Tatu

Mikumi,
9 Aprili 2024

Kwa Bibi Mwamvua,

Shikamoo Bibi. Natumaini barua hii itakukuta salama na mfungo unakwisha vizuri. Nimempa Herman, kondakta wa basi la Kilosa, aifikishe hadi mlangoni kwako Magomeni, kwa kuwa najua simu hutaki tena. Ulisema maneno ya simu yanakufikia kama watu wanaozungumza chini ya maji.

Huku mvua haikatiki. Asubuhi ukungu hushuka kutoka milimani na kufunika barabara kuu, na malori hupita yakiwa sauti tu. Juzi tembo watatu walisimama nyuma ya uzio wa kituo chetu cha afya, wakatutazama tukianika mashuka, kisha wakayeyuka ukunguni. Wenzangu walisema wamekuja kliniki bila kadi, lazima warudishwe. Wote walicheka. Mimi sikuweza. Siku hizi, hata nikiwa kazini na macho wazi, najiona kama mtu anayeota.

Bibi, nina swali la kitaaluma tu. Mtoto mchanga akipewa sindano ya gentamaisini iliyozidi kidogo, tuseme kwa siku tatu, kisha dozi ikarekebishwa, je, masikio yake yanaweza kuwa salama? Vitabu vyangu niliviacha sandukuni, katika chumba ulichonipa nilipokuwa mafunzoni. Anayeuliza ni mwenzangu mmoja anayejiandaa kwa mtihani.

Msalimie Happiness fundi cherehani. Mwandikie kwamba sare aliyonishonea haijafumuka hata uzi mmoja.

Ni mimi mjukuu wako,
Lightness

*

Magomeni, Kilosa,
14 Aprili 2024

Mjukuu wangu Lightness,

Marahaba. Barua yako imenifikia baada ya Iddi, imelowa pembeni. Mfungo ulikwisha kwa amani.

Nalijibu swali. Dawa nyingi husamehe muuguzi aliyeteleza. Gentamaisini haisamehe. Kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru pana nafasi nyembamba. Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, na figo za mtoto mchanga ndiyo kwanza zinajifunza kazi. Ikizidi, hukaa mwilini, na mahali inapopenda kukaa ni ndani kabisa ya sikio, penye vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vinyweleo hivyo vikifa havioti tena. Si kila mtoto aliyezidishiwa hudhurika, wengi husalimika. Lakini nani amesalimika na nani hakusalimika, hilo halijulikani mpaka mtoto apimwe.

Kwa hiyo neno "kidogo" ulilolitumia halina kazi katika kazi yetu. Kidogo ni miligramu ngapi? Kwa mtoto wa kilo ngapi?

Sasa nami nina maswali. Ni mtihani gani huo unaofanywa katikati ya Aprili? Na mwenzako huyo, alimweka mtoto kwenye mizani au alimkadiria kwa macho?

Ulikaa kwangu miezi minane. Kila jioni ulipokuwa ukimenya vitunguu nilikuuliza, nawe ulijibu bila kuinua kichwa: mgonjwa ni yupi, dawa ni ipi, kiasi gani, kwa njia gani, saa ngapi. Nilikuonyesha daftari langu jeusi, nilimoandika jina na uzito wa kila mtoto niliyemdunga sindano katika miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ulicheka ukasema, "Bibi, hili si daftari la muuguzi, ni la mnunuzi wa mpunga." Lirudie kichwani mwako.

Mto Mkondoa umejaa. Tangu masikio yangu yaanze kufifia nausikia kila mahali, hata jikoni. Jana baada ya sala ya adhuhuri nilisinzia mkekani, nikaona vitanda vya wodi ya watoto vikielea juu ya mto huo, kila kimoja na namba yake, nami nikikimbia ukingoni nikijaribu kuzisoma.

Nijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, na kwa nafsi ya kwanza.

Bibi yako,
Mwamvua

*

Mikumi,
19 Aprili 2024

Shikamoo Bibi.

Ni mimi. Hakuna mwenzangu wala mtihani.

Tarehe mbili mwezi huu mama mmoja, Tabea, aliletwa kwa pikipiki kutoka boma la mzee Saruni, baba mkwe wake. Ni wafugaji, wanakaa bondeni mbali na barabara. Mwanawe wa miezi mitatu alikuwa na homa kali na hanyonyi. Godfrey, mganga wetu mfawidhi, aliandika sindano zipigwe kwa kufuata uzito. Tabea alikuwa ameishika kadi ya kliniki kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kitu cha watu. Kadi ilisema kilo saba na gramu mia nne. Mizani ilikuwa imening'inizwa chumba cha chanjo, na huko kulikuwa na foleni. Ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye. Mtoto alikuwa amezungushiwa shuka mbili, nami niliiamini kadi.

Siku ya nne asubuhi bibi wa boma alikuja kuwatazama, akiwa na mtoto mwingine, mnene, anatambaa. Tabea alikuwa na furaha kwa sababu wa kwake alikuwa ameanza kunyonya. Akamnyooshea kidole yule mnene, akacheka.

"Nesi, mwenye kadi ndiye huyo. Mtoto wa mke mwenzangu."

"Na huyu wako, kadi yake iko wapi?"

"Huyu hajapewa jina bado. Kadi yenu inataka jina. Nikija mikono mitupu si mtanirudisha?"

Bibi, hakuwa amedanganya. Kwao mtoto hukaa miezi kadhaa kabla ya siku ya kupewa jina, na watoto wa boma ni wa mama wote. Kubeba kadi ya ndugu yake aliona ni kuiheshimu ofisi yetu.

Nilimpeleka mtoto kwenye mizani. Kilo nne na gramu mia tisa. Kwa siku tatu nilimpa dozi ya mtoto aliyemzidi nusu ya uzito wake. Nilirekebisha hapo hapo. Lakini kwenye faili nilifuta namba ya kwanza nikaandika ya pili, kana kwamba ndiyo ya tangu mwanzo. Homa ilishuka, wakaruhusiwa. Tabea alinishika mikono yote miwili akanishukuru.

Tangu siku hiyo nikifumba macho naona wodi imejaa watoto wanaolia, vinywa viko wazi, na hakuna sauti inayotoka. Naogopa kunyang'anywa leseni. Naogopa zaidi mama yule asije akanishukuru tena. Labda mtoto ni mzima. Labda nikinyamaza hakuna atakayeumia. Niambie kwamba inawezekana.

Lightness

*

Magomeni, Kilosa,
24 Aprili 2024

Lightness,

Marahaba. Inawezekana. Hivyo ndivyo nilivyojiambia mimi kwa miaka thelathini na mitano.

Yalikuwa masika kama haya, mwaka 1989. Wodi yetu ilikuwa na vitanda kumi na watoto ishirini. Tuliwalaza wawili wawili, na tulidunga kwa kufuata namba ya kitanda. Kitanda namba saba kilikuwa na watoto wachanga wawili, wa kike upande wa ukuta, wa kiume upande wa njia. Wote walikuwa wa gentamaisini. Mwenzangu alikuwa akipita kwanza na kumdunga wa ukutani. Mimi nilipita baada ya saa moja na kumdunga wa njiani. Ndani ya saa hiyo mama zao waliwachukua kuwanyonyesha, na kwa kuwa ukuta ulikuwa unavuja, mama aliyetangulia kurudi alimlaza wa kwake penye ukavu, upande wa njia. Yule wa kike, mama yake alikuwa mwepesi: alidungwa ukutani, akadungwa tena njiani, na kila usiku tuliwarudisha mahali pao.

Siku ya tatu niligeuza mapaja yao. Wa kike alikuwa na alama sita za sindano. Wa kiume hakuwa na hata moja.

Nilisawazisha dozi kimyakimya. Sikumwambia daktari, sikumwambia mama.

Mtoto yule wa kike ni Happiness fundi. Alipofika miaka miwili mama yake aliniletea, akasema, "Sista, huyu hageuki akiitwa." Nikamjibu kwamba ni ile homa. Huenda ni homa kweli. Hakuna awezaye kuapa. Lakini nilikuwa nazijua alama sita, na sikuzitaja. Ulidhani kwa nini nguo zangu zote, hadi pazia za jikoni, zimeshonwa na mtu mmoja?

Sasa nisikilize. Nenda kwa mganga mfawidhi na faili mkononi. Andika kilichotokea na saa kilipotokea. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke chini yake, halifutwi. Mtoto aitwe, figo zipimwe, masikio yapimwe. Mama aambiwe, na aambiwe kwa kinywa chako. Usifanye hivyo ili upumue. Fanya kwa sababu hii: Happiness alifika shule ya viziwi akiwa na miaka tisa. Ningesema mapema, angejifunza lugha ya mikono akiwa na mitatu. Miaka sita alikaa katika nyumba ya watu wanaofungua midomo, bila neno hata moja. Masikio huenda yalichukuliwa na dawa. Miaka sita ile niliichukua mimi.

Usiniandikie tena mpaka uwe umekwenda.

Nami nimechukua karatasi. Namwandikia Happiness. Yeye husoma vizuri kuliko wengi wanaosikia.

Mwamvua

*

Mikumi,
12 Mei 2024

Bibi, shikamoo.

Nimekwenda.

Godfrey alisoma faili, kisha akaligeuza, akasoma tena. "Ulikwisha kufuta. Nani angejua?" Nikamwambia kuna bibi mmoja wa Kilosa. Akaniandikia onyo, na mwezi mzima sitashika sindano. Pia ameihamisha mizani. Sasa inaning'inia mlangoni mwa wodi, na kila mrefu anayeingia huigonga kwa kichwa. Yeye mwenyewe ameigonga mara mbili.

Tulikwenda bomani pamoja. Bonde lote lilikuwa maji na anga, na ng'ombe walionekana kama wanatembea juu ya mawingu. Nilimwamkia mzee Saruni, akaitikia. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Akachora chini kwa fimbo.

"Nesi, mimi nikitaka kumdunga ndama, namtazama nani?"

"Ndama, mzee."

"Simtazami ndama wa jirani?"

"Hapana, mzee."

"Natazama karatasi yake?"

"Ndama hana karatasi, mzee."

"Ndiyo maana ndama wangu ni wazima."

Vijana wakaangua kicheko, nami nikaanza kulia mbele za watu. Tabea hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ananyonyesha.

"Kadi niliileta mimi," akasema.

"Mizani ilikuwa karibu, nami sikwenda."

"Ungekaa kimya, nisingejua."

"Mtoto angejua, dada."

Akanitazama, Bibi. Sikuweza kujua kama ni chuki au ni uchovu.

Mzee akaagiza kengele ya ng'ombe anayeongoza kundi. Akazunguka taratibu hadi nyuma ya Tabea, akaitikisa mara moja. Mtoto akaacha kunyonya. Ni hilo tu: aliacha, titi likiwa kinywani, na jicho lake likaanza kutafuta. Nilihisi kama bonde zima limeacha kunyonya pamoja naye. Watu wakapiga makofi. Lakini Godfrey akasema kengele ni sauti nzito. Zile nyembamba ndizo hupotea kwanza. Basi bibi wa boma akainama karibu, akatikisa kichwa ili vipuli vyake vya bati vilie. Upande wa kulia mtoto aliacha tena kunyonya. Upande wa kushoto aliendelea.

Tumempeleka Morogoro. Figo ni nzima. Sikio la kulia linasikia. La kushoto linapokea sauti nzito, nyembamba zinapotea, na hakuna anayeweza kusema lilikuwaje kabla yangu. Atapimwa tena Agosti, na tena baada ya hapo. Tabea ameonyeshwa namna ya kuzungumza naye upande wa kulia, akiwa mbele ya uso wake.

Amepewa jina. Ni Yared. Tabea alinitaka mimi niandike kadi. Nilimpima kwanza: kilo tano na gramu mia sita. Aliisoma namba ile kwa kidole, akanirudishia kalamu, akasema, "Hii sasa ni yake."

Happiness amejibu?

Lightness

*

Magomeni, Kilosa,
20 Mei 2024

Bibi Mwamvua,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, pini zikiwa mdomoni. Kwa siku nyingi sikutazama upande wa dirisha lako, na najua uliona.

Nina hasira. Sijui niiweke wapi, kwa sababu wewe ndiye uliyeninunulia cherehani ya kwanza, na sasa kila nikikanyaga nauona mkono wako pale. Usiniletee tena pazia usilolihitaji. Una madirisha matatu, na nimekushonea pazia kumi na moja.

Lakini nina swali. Umeandika kurasa tatu kuhusu mimi. Mtoto wa pili wa kitanda kile umempa mstari mmoja. Mimi nilipewa dawa yake. Aliitwa nani? Yuko wapi? Nafikiri juu yake kuliko juu ya masikio. Alikuwa kando yangu siku zile nilipokuwa bado nasikia. Huenda kilio chake ndicho sauti ya mwisho niliyoipata duniani, nami siikumbuki.

Ukienda kumtafuta, nipitie. Nitafunga duka.

Happiness

*

Magomeni, Kilosa,
2 Juni 2024

Mjukuu wangu Lightness,

Marahaba, na umefanya vema. Sitaliandika hilo mara mbili.

Swali la Happiness sikuwa nimejiuliza kwa miaka thelathini na mitano. Nilikuwa nimeibeba aibu ya mtoto niliyemzidishia, ikanijaa mikono, nikamsahau niliyemnyima. Nilifungua daftari jeusi. Makarius, wa Rudewa. Kilo nne na gramu mia tatu. Aprili 1989.

Tulikwenda Ijumaa, mimi na Happiness. Mvua ilikuwa imekoma na mashamba ya zamani ya mkonge yalikuwa yanafuka mvuke. Tulipita humo kama watu wasiokanyaga chini. Tuliuliza nyumba mbili tu. Mama yake anaitwa Paulina. Ni mzee kama mimi, anauza mchele barazani kwake, ana mizani ya sahani na kibao cha kukaa.

Nilimwambia. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, kwa kuwa siku hizi sauti yangu mwenyewe siisikii vizuri, na majirani walisikia. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nilipomaliza. Kisha akasema kwamba alimrudisha Makarius nyumbani siku ya tano, alipoona wodi haimsaidii, naye akaishi siku tisa.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ni maziwa yangu."

Nilimweleza kwamba sijui kama dawa ingemwokoa. Ni kweli, na haikusaidia kitu. Sikuomba msamaha kwa namna ya kumlazimisha anijibu.

Baadaye akauliza kama nilimkumbuka. Nikasema simkumbuki uso. Akasema yeye pia uso umemtoka. Picha hakupigwa, na kaburi lilichukuliwa na mafuriko. "Watu wa hapa husema alikuwa mdogo tu, kama kifaranga. Mimi nakumbuka alikuwa mzito. Nimeanza kudhani najidanganya."

Nikafungua daftari, nikamwekea kidole penye mstari.

Alisoma. Akaondoka kwenye kibao, akatandika khanga juu ya sahani ya mizani, akaanza kumimina mchele. Aliongeza, akapunguza kwa vidole, akaongeza punje chache, mpaka mshale ukasimama penye kilo nne na gramu mia tatu. Akaifunga khanga, akainyanyua, akaiweka kifuani, mkono mmoja chini na mwingine nyuma, pale panapokaa kichwa. Akafumba macho.

"Ndiye," akasema.

Hakuna aliyenunua wala kuuza barazani pale kwa muda nisioujua. Happiness, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja na alikuwa ameelewa yote, akanyoosha mikono. Paulina akamtazama, kisha akampa. Happiness akaupokea mzigo ule taratibu, akauegemeza begani, akaanza kuuyumbisha kama mtu anayembembeleza aliyelala.

Tulipoondoka, mchele ule Paulina hakuurudisha guniani.

Herman anakuletea daftari langu. Lina kurasa tupu arobaini na zaidi, nazo ni zako mwezi wako wa onyo utakapokwisha. Jina, uzito, tarehe, na mizani kabla ya kadi. Ukifika Aprili 1989 utakuta ukurasa mmoja umekatwa kwa wembe. Usiutafute. Uko Rudewa.

Bibi yako,
Mwamvua